Kisu Chembamba cha Mama Mkwe

Kisu kilianza kubadilika rangi karibu na mpini, pale moto wa jiko la gesi ulipokishika vizuri. Kwanza kikawa na rangi ya majani makavu. Kisha kahawia. Msanifu alikisogeza taratibu juu ya moto, mkono mmoja umefungwa kitambaa chenye maji, mkono wa pili umeshika simu inayorekodi, na rangi ikatembea kuelekea kwenye ncha: zambarau, halafu buluu ya kung'aa kama shingo ya njiwa.

"Kumbe ni kweli," alinong'ona, ingawa nyumbani hapakuwa na mtu wa kumsikia.

Mwezi wa tatu sasa alikuwa akifanya kazi ya kusanifu panga. Si panga za kushikika. Zilikuwa panga za mchezo wa kompyuta, na kazi yake ilikuwa kuandika kila upanga umetengenezwa kwa madini gani, una uzito gani, unadumu kiasi gani, na mchezaji akiupeleka kwa mhunzi ili auboreshe, anaondoka na nini. Alikuwa ameandika orodha ndefu ya shaba, chuma na pua, yaani chuma kigumu cha visu, yenye ngazi kumi, na kila ngazi namba zake zikipanda. Jumanne kiongozi wake aliisoma kwenye simu ya video, akakuna kidevu.

"Dada, hizi ni ngazi za ghorofa. Upanga uko wapi hapa? Nataka mtu aliyewahi kushika kisu akicheza mchezo huu aamini."

Alisema hayo kwa upole, na upole wake ndio uliouma zaidi. Ijumaa miezi mitatu ya majaribio ilikuwa inakwisha.

Ndiyo maana Jumatano hiyo mchana, mume akiwa kazini na mama mkwe akiwa ametoka, Msanifu alifungua droo ya jikoni. Mlikuwa na visu vitatu. Viwili vipana, vya dukani, vinang'aa. Cha tatu kilikuwa chembamba kama vidole viwili, cheusi, mpini umefungwa waya. Tangu mama mkwe ateleze bafuni na kuvunjika kifundo cha mkono, miezi sita iliyopita, kisu hicho hakikuwa kimetoka humo ndani. Msanifu alikiona chakavu. Akaona hakuna atakayekiulizia.

Alikiacha motoni mpaka buluu ikafifia ikawa kijivu, na makali yakaanza kuwa mekundu kwa mbali. Alipomaliza alikiweka dirishani kipoe, akakisugua kwa waya wa sufuria, akakipaka mafuta. Kikarudi kuwa cheusi vilevile. Akakifunga kwenye kitambaa alichokikuta nacho na kukirudisha kwenye droo, kisha akakaa mbele ya kompyuta kuandika, mwenye furaha kama mtoto aliyepewa alama nzuri.

Mama alirudi jioni, na sauti yake ilitangulia kuingia.

"Wenyewe mpo? Nimeitwa!"

"Umeitwa na nani, mama?" Dereva, mwanawe, aliuliza akiwa mezani, bado na sare yake ya basi la shule.

"Na tajiri. Kaniambia njoo Jumamosi, siku ya wateja wengi, nikuone. Nikimridhisha, Jumatatu naanza. Nisipomridhisha, gogo langu la kukatia nyama anampa mpwa wake."

"Akuone? Miaka ishirini na miwili kwenye bucha lake, hajakuona bado?"

"Mimi ananijua. Mkono ndio anaotaka kuuona." Mama alikaa, akavua viatu kwa kukanyagia kisigino kwa kisigino. "Mwanangu, unajua kanifanyia nini? Kaninyooshea kidole chake, eti nikibane, kama daktari. Mbele ya wateja. Foleni yote inanitazama mimi na kidole cha tajiri."

"Ukafanyaje?"

"Nikabana mpaka akaanza kusema basi, basi, mama, nimeelewa."

Dereva alicheka mpaka akapaliwa. Mama naye alicheka, lakini mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshakwenda kukisugua kifundo cha ule wa kulia chini ya meza, na Msanifu, ambaye kwa kuona haya alikuwa na mazoea ya kutazama mikono ya watu badala ya nyuso zao, aliona.

Walikuwa wakiishi vyumba viwili na jiko. Kitanda cha Mama kilikuwa sebuleni, nyuma ya pazia, na meza ya kompyuta ilikuwa upande wa pili wa pazia hilohilo. Kwa miezi sita wanawake hao wawili walikuwa wakishinda hivyo, mmoja akigonga vitufe, mwingine akigeuka kitandani, wakipeana nafasi jikoni kwa adabu nyingi kuliko mapenzi. Si kwamba hawakupendana. Hawakuwa wamepata cha kuzungumza.

Chakula kikiwa bado mezani Mama alikwenda kwenye droo. Alirudi na kitambaa, akakikunjua mezani.

"Mkubwa wa kazi huyu hapa," alisema. "Kilikuwa kipana hivi." Alilaza vidole vinne mezani. "Kila asubuhi kinoo kinakula kidogo, kinakula kidogo. Hapa kilipofika ndipo kilipokuwa kizuri. Kinapita kati ya nyama na mfupa bila kuuliza njia. Vile vya dukani sivitaki hata kuviona."

Msanifu aliweka kijiko chini.

"Mkwe, mbona umeacha kula?"

"Nimeshiba, mama."

Alijiambia kuwa chuma ni chuma, hakikuungua, hakikupinda. Alijiambia hivyo mara kadhaa.

Alhamisi asubuhi Dereva aliondoka na basi lake, na nyumba ikajaa sauti ya kinoo. Kilikuwa jikoni, juu ya kitambaa chenye maji, na kisu kilipita juu yake kwa mwendo mmoja mrefu, mwepesi. Msanifu aliusikiliza mwendo ule akiwa mezani kwake. Ulikuwa mwendo wa mtu anayejua. Kisha ukasimama. Kipande cha karatasi cha kujaribia makali kikachanika, si kukatika. Sauti ikaanza upya.

Ikasimama tena. Ikaanza tena.

Baada ya saa nzima alichungulia. Mama alikuwa ameshika nyanya mkono wa kushoto. Aliweka makali juu ya ngozi yake na kuvuta, na nyanya ikabonyea, ikatoa maji, haikukatika. Aliigeuza, akajaribu upande wa pili. Halafu akapitisha kidole gumba kwenye makali, akakiinua kifundo chake usawa wa macho na kukitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayemtazama ndugu aliyesema uongo.

"Mama, nikusaidie?"

"Unisaidie nini, mwanangu, na wewe una kazi yako? Rudi tu."

Msanifu alirudi. Akafungua tena ukurasa wa mtandaoni aliousoma Jumatano, wenye picha za rangi za pua. Alikuwa ameziangalia rangi peke yake. Chini yake yalikuwapo maelezo, aliyoyaruka kwa haraka ya kwenda kuwasha jiko. Yalisema kuwa pua ikishapita buluu imepoteza ugumu wake. Makali yake yatajikunja. Kuinoa hakutasaidia kitu.

Alisoma mara mbili.

Jikoni kinoo kilinyamaza kabisa. Mama alipita, akaingia nyuma ya pazia lake, na pazia halikufunga vizuri. Kupitia mwanya Msanifu alimwona amekaa ukingoni mwa kitanda, mkono wa kulia mbele yake, mtupu, ukikata hewa. Juu, chini, geuza. Juu, chini, geuza. Alikuwa akiukagua mkono wake ajue ni wapi ulipomwangusha.

Sema sasa, Msanifu alijiambia. Lakini yeye alikuwa mtu wa kunywa chai iliyopoa kuliko kumwita mhudumu ambadilishie. Miaka miwili ya ndoa alikuwa hajawahi kumkatalia mama mkwe hata kiti. Angeanzia wapi? Akapika chakula cha mchana. Wakala. Akaosha vyombo, akavikausha vyote kimoja kimoja, hata vile ambavyo huachwa vikakauka vyenyewe.

Kisha Mama akamwita.

"Mkwe, hebu nitafutie namba ya tajiri humu. Macho yangu leo hayataki."

Alimnyooshea simu yake ndogo ya vibonyezo. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, hapo ndipo palipotisha.

"Unataka kumwambia nini, mama?"

"Nimwambie asinisubiri. Ampe mpwa wake." Alikaa kiti cha karibu. "Huu mkono haujui tena kunoa. Nimejaribu tangu asubuhi. Mtu ambaye hawezi kunoa kisu chake mwenyewe atamkatia nani nyama? Bora niseme mwenyewe kuliko kwenda kuaibika mbele ya foleni. Yule bwana akinionea huruma mimi nitakufa."

"Mama, si mkono."

"Mwanangu, usinibembeleze. Mkono wangu naujua."

"Si mkono, mama. Mimi nilikichoma."

"Ulichoma nini?"

"Kisu. Jana. Juu ya jiko." Maneno yalikuja yakikanyagana. "Nilidhani kimeachwa. Nilitaka kuona rangi. Chuma kikipita moto ule kinalainika, mama, hakishiki tena makali, hata anoe nani. Sikujua. Nimejua leo asubuhi na nikaogopa kukwambia."

Mama alimtazama kama anayemsikiliza mtu wa lugha nyingine. Msanifu alichukua simu yake, akafungua ile video, akamwekea mbele. Wakaitazama pamoja: majani makavu, kahawia, zambarau, buluu. Ilikuwa nzuri bado. Hilo lilimwaibisha Msanifu kuliko yote.

"Hapa ndipo kilipokufa?" Mama aliuliza.

"Hapo. Kabla ya hapo kidogo."

"Ulikuwa unatafuta nini?"

"Nataka panga zangu ziwe za kweli. Zile za mchezo."

Neno mchezo lilianguka katikati yao na likabaki palepale, hakuna wa kuliokota.

"Subiri kwanza," Mama alisema polepole. "Kwa hiyo mkono?"

"Mkono wako mzima, mama. Asubuhi nimeusikia ukinoa. Umenoa vizuri sana. Kisu ndicho hakikuweza."

Mama aliinua mkono wa kulia, akaugeuza, akaukunja ngumi na kuukunjua. Kisha akavuta upande wa kanga yake akajifunika uso, na mabega yakaanza kutikisika, na Msanifu hakujua kama ni kicheko au kilio mpaka kanga ilipoondoka akaona ni vyote viwili.

"Ee Mungu wangu," alisema akifuta macho. "Nilishauzika. Tangu asubuhi nimeshauzika huu mkono." Akavuta pumzi, na pumzi ilipotoka ilitoka na hasira iliyochelewa. "Sasa wewe mtoto! Miaka ishirini na miwili! Unakiweka kisu changu motoni kama sufuria ya chai? Hukuweza kuuliza? Mimi niko hapo, nyuma ya pazia, miezi sita, nahesabu vipande vya dari! Hukuweza kuniuliza chuma ni kitu gani?"

"Niliona haya, mama."

"Haya! Zitakuua hizo haya zako. Kisu zimeshakiua."

Dereva alipofungua mlango aliwakuta wote wawili macho mekundu.

"Nani kafa?"

"Kisu," mama yake alisema. "Vaa nguo nyingine, uje uandae chakula. Sisi tuna kazi."

Alikuwa ameshavitoa vile visu viwili vya dukani. Kila kimoja alikigonga kwa ukucha na kukisikiliza, akakibonyeza kwenye meza kuona kinavyopinda na kurudi. Alichagua kimoja bila furaha.

"Mwaga maji. Si mengi. Hivyo. Wewe ndiye utakayemwaga mpaka nikwambie basi, hiyo ndiyo adhabu yako."

"Ndiyo, mama."

"Hiki ni kigumu. Kitakaa na makali siku nzima, lakini kikigonga mfupa kinamegeka. Mwenzake ni laini, anajikunja, ila ukimpitisha mara mbili kwenye kinoo anarudi."

"Kwa hiyo bora ni kipi?"

"Bora wa kitu gani? Wa mfupa au wa mnofu? Wa mtu mwenye papara au mtulivu?" Kisu kilikwenda na kurudi. "Na kisu hakiongezwi kitu. Ukitaka kikate zaidi, unakipunguza. Hakuna njia nyingine. Mbona unaandika mkononi? Karatasi zimeisha nyumba hii?"

"Zitalowa, mama."

"Haya, andika. Mwaga maji."

Dereva aliunguza chakula kidogo kwa kuwatazama.

Ijumaa saa nne Msanifu alikaa mbele ya kamera. Pazia lilikuwa limefungwa, lakini alijua nyuma yake kuna mtu ameacha kugeuka kitandani. Kiongozi alipitia orodha mpya. Ngazi kumi zilikuwa zimefutwa.

"Umeondoa maboresho?"

"Nimeyabadilisha." Alitupia jicho maandishi yaliyofifia mkononi mwake. "Hakuna upanga unaoongezeka kila kitu. Ukiufanya mgumu, unavunjika upesi. Ukiufanya laini, unavumilia lakini unajikunja. Na kila ukiunoa unapungua upana. Mchezaji anayeutunza anabaki na upanga mwembamba unaoujua mkono wake. Asiyeutunza anabaki na mpini."

"Na hapa, palipoandikwa moto?"

"Mhunzi akiuchoma kwa kipimo, unapata uhai. Ukizidisha, unakuwa wa buluu. Unapendeza sana. Halafu pambano la tatu unajikunja."

"Mchezaji atajuaje kwamba ameuharibu?"

"Hatajua. Atadhani ni mkono wake."

Kiongozi aliinua macho. "Hiyo inauma."

"Inauma sana."

"Anaurekebishaje?"

"Haurekebishiki. Lakini kuna mtu pale kwa mhunzi ambaye alikuwapo ukichomwa. Mchezaji akikaa naye, yule mtu atamwambia ukweli. Hapo ndipo atakapotafuta upanga mwingine na kuendelea."

Kiongozi aliandika kitu. Aliuliza maswali mengine mawili ya uzito, akapinga moja, Msanifu akamjibu, akampinga tena, Msanifu akamjibu tena. Mwisho alisema, "Jumatatu tuanze na huo wa buluu," na simu ikakatika. Msanifu alijaribu kuelewa kuwa mtu akisema Jumatatu tuanze, basi Jumatatu ipo.

"Amesemaje?" sauti iliuliza nyuma ya pazia.

"Nimebaki, mama."

"Nilisikia unabishana. Sikujua unaweza."

Jumamosi Mama alikataa kusindikizwa. Alisema hataki kupelekwa kama mtoto wa darasa la kwanza. Alikiviringisha kile kisu kipya kwenye gazeti, akakitia mfukoni, na alipofika mlangoni hakuaga, kwa sababu bado alikuwa amenuna kidogo na alitaka ijulikane.

Msanifu alivumilia mpaka saa tano. Kisha akachukua kikapu akatoka kama mtu anayekwenda kununua kitu.

Foleni ya bucha ilifika nje, hadi kwenye duka la vifaa vya umeme. Alisimama mwisho kabisa, nafasi nne nyuma ya mwanamume mnene mwenye kofia, akachungulia juu ya mabega ya waliomtangulia. Mama alikuwa nyuma ya gogo, ndani ya koti jeupe la mtu mrefu, mikono imekunjwa mara tatu. Alikuwa akikata polepole. Tajiri alisimama nyuma yake, mikono kifuani, macho kwenye kile kifundo. Mpwa wake aliegemea mlango wa stoo, koti lake limepigwa pasi.

"Mama, zamani ulikuwa mwepesi," mwenye kofia alisema alipofika mbele.

"Zamani na wewe chini ya hiyo kofia kulikuwa na nywele. Unataka kilo ngapi?"

Foleni ikacheka. Kisu kilishuka, kikagusa mfupa, na Msanifu akafumba macho. Alipoyafumbua Mama alikuwa amekigeuza, amekizungusha kando ya mfupa kwa hila zaidi kidogo kuliko alivyozoea, akijifunza tabia zake, na nyama ikaachia. Akaifunga. Akamwita mwingine. Kwa mteja wa tatu tangu hapo mkono ulianza kwenda kwa mwendo ule Msanifu alioujua kwa masikio.

Tajiri aliutazama kidogo tena. Halafu akageuka, akampa mgongo, akamwambia mpwa wake akavae koti la kubebea mizigo, na yeye mwenyewe akatoka kwenda kunywa chai.

Mama hakugeuka kumtazama akienda. Ila alisimamisha kisu kwa pumzi moja, akajaribu kuvuta nyuma kamba za koti zilizofunguka, mkono wa kulia ukafika nusu ya njia ukagoma. Hapo ndipo alipoinua uso akaona nani anafuata.

"Wewe," alisema. "Usisimame hapo kama mgeni. Zunguka huku unifunge."

Msanifu alizunguka, mbele ya foleni yote, masikio yakimwaka. Alizivuta kamba, akafunga fundo, akalifungua, akalifunga upya ili lisilegee. Mgongo ulikuwa na jasho na ulitetemeka kidogo, kwa uchovu, na aliuacha mkono wake hapo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mama hakusogea.

"Mama, huyu nani anayeturukia zamu?" mwanamke mmoja aliuliza kutoka nyuma.

"Mkwe wangu."

"Naye mkata nyama?"

"Huyu?" Mama alikipitisha kisu kwenye chuma cha kunolea, mara moja kila upande. "Huyu anatengeneza panga. Haya, anayefuata."